Kiti cha Chumba cha Mabega

Mimi na Protas tulikalia kiti kimoja kwa mwaka mzima, na katika mwaka huo tulikatazwa kuzungumza. Nikiwaeleza watu hivi hudhani natia chumvi, au hudhani nasimulia habari za jela. Haikuwa jela. Ilikuwa hospitali mjini Kakamega, chumba kidogo nyuma ya mashine ya CT, na kazi yetu ilikuwa kupima mabega ya wakata miwa. Protas alifariki mwezi uliopita. Habari ilinifikia kwa simu, ujumbe mfupi kutoka kwa binti yake ambaye sikuwahi kumwona, akisema baba ameenda, na kwamba baba mwenyewe aliomba niambiwe. Nilisoma ujumbe huo nikiwa kazini Mombasa, mbele ya skrini, bega langu la kulia likiniuma kama linavyoniuma kila asubuhi siku hizi. Sikulia. Jambo la kwanza nililofanya ni kuinama na kutazama kiti nilichokuwa nimekalia, kana kwamba ningemkuta hapo.

Nilifika Kakamega nikiwa mpiga picha wa hospitali, sijatimiza miaka thelathini, na mkataba wa mwaka mmoja mkobani. Nilipanga chumba Lurambi, katika nyumba ndefu ya mabati yenye milango iliyotazamana, na majirani waliokuwa wema kwa namna ya kunisalimu na kuendelea na yao. Kila alasiri mvua ilinyesha. Sisemi mara kwa mara, nasema kila alasiri, radi kwanza kisha maji, yakipiga mabati mpaka mtu aliye chumbani hasikii hata redio yake mwenyewe. Siku za mwanzo watu walipenda kunisikia nikiongea. Mama wa mlango wa tatu alikuwa akiwaita wenzake: "Kujeni mumusikize huyu, anaongeanga kama taarifa ya habari!" Nami, kwa kiburi cha mtu wa Pwani, nilidhani wananisifu. Baada ya majuma machache wakanizoea, na kuzoeleka nako kukawa ndio mwisho wa mazungumzo. Wao kwa wao walirudi kwenye lugha zao za nyumbani, vicheko vikipita ukutani, na mimi nikabaki na Kiswahili changu kizuri kisicho na wa kuambiwa. Nilipika wali bila nazi, nikaula kwa kijiko juu ya kitanda. Nilianza kuisemesha sufuria. Leo nacheka nikikumbuka, lakini wakati ule sikucheka hata kidogo.

Kazi yenyewe niieleze, maana bila kuielewa kazi hutaelewa kilichotupata. Bega si kama nyonga. Nyonga imekaa ndani ya shimo lake ikashikwa barabara. Bega limeegeshwa tu: kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, na kibakuli kinachokipokea, pale pembeni mwa kombe la bega, ni kidogo na hakina kina, kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono unazunguka kote, na ndiyo maana bega huchomoka. Daktari Khaemba, aliyeongoza kazi ile, alikuwa mtaalamu wa mifupa aliyechoka kuwawekea watu wa huku viungo vya bandia vilivyochongwa kwa vipimo vya watu wa nchi nyingine. Alitaka vipimo vya hapa. Na alitaka kujua jambo moja zaidi: mtu aliyekata miwa kwa mkono mmoja tangu ujana wake, je, mfupa umejipinda kuifuata kazi? Kibakuli cha mkono wa panga kimeinama nyuma kuliko kibakuli cha mkono mwingine? Kama ndivyo, basi daktari hawezi kulichukua bega zima la mtu akalifanya kielelezo cha kutengenezea lile bovu, akidhani yanafanana.

Zamani tulipima kwenye picha bapa, mwili umekatwa kama slesi ya mkate, na kipimo kilibadilika kulingana na jinsi mgonjwa alivyolala. Kompyuta ya Daktari Khaemba ilizichukua slesi zote ikazipanga moja juu ya nyingine mpaka bega zima likasimama kwenye skrini, jeupe, bila nyama wala ngozi. Kwa kipanya niliweza kuligeuza huku na huku, nikaling'oa kwenye mwili wa mwenyewe na kulisimamisha kombe wima, nikauendea ukingo wa kibakuli na kuweka alama moja moja kuuzunguka. Kisha nilipima upana, urefu, na mwinamo wake kwa nyuzi. Yalikuwa mazuri mno, mabega yale. Hakuna mawili yaliyofanana. Kuna lililokuwa na ukingo uliolika kama kikombe cha udongo cha zamani, kuna lililokuwa laini kana kwamba mwenyewe hajawahi kubeba hata ndoo. Sikujua majina ya wenyewe, kila bega lilikuwa na namba tu. Lakini asubuhi nzima nikiwa peke yangu na bega la mtu, nilimfahamu kwa namna yake, na nadhani kwa miezi ile ndio watu niliokuwa karibu nao zaidi.

Sheria ilikuwa hivi. Wapimaji wawili, kila mmoja apime mabega yaleyale bila kujua mwenzake amepata nini, halafu daktari alinganishe. Vipimo vikikubaliana, kazi ni ya kuaminika. Kompyuta yenye programu ile ilikuwa moja, kwa hiyo mimi nilipewa asubuhi na Protas akapewa mchana. Daktari Khaemba alituita siku ya kwanza, akasimama katikati yetu kama refa. "Msiongee juu ya kazi," alisema. "Hata kidogo. Mkiongea mtaanza kukubaliana, na mimi sitaki mkubaliane kwa urafiki." Protas, aliyekuwa mpiga picha wa eksirei wa hospitali hiyohiyo, mwenyeji wa Matungu, mrefu kama mlango, aliitikia kwa kichwa. Naye alikuwa mtu wa kushika neno. Tulipokutana mlangoni saa za kupokezana, mimi nikitoka na yeye akiingia, alisema, "Habari ya asubuhi, dada," nami nikajibu njema, habari za kwako, naye akasema salama, na mlango ukafungwa nyuma yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu. Nilikuwa nikiyatayarisha njiani nikitoka Lurambi, amini usiamini. Nilijiambia leo nitaongeza neno moja juu ya mvua.

Kiti ndicho kilichoanza kusema. Kilikuwa kiti cha ofisi chenye mpini pembeni wa kukipandisha na kukishusha. Protas alikuwa na miguu mirefu, na kila asubuhi nilikikuta kimepandishwa juu kabisa, nikakikalia miguu yangu ikining'inia kama ya mtoto kanisani, maana mpini ule ulikuwa mgumu na mimi sina subira na vitu vya chuma. Halafu asubuhi moja nilikaa na nyayo zikagusa sakafu. Nilidhani ni bahati, au mfagizi. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu, kabla sijatoka, niliushika ule mpini kwa mikono miwili nikakipandisha kiti mpaka mwisho. Tangu siku hiyo hatukuacha. Mimi nilimpandishia mchana, yeye alinishushia jioni, na hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo.

Siku pekee tuliyofanya kazi pamoja ilikuwa Alhamisi, wakata miwa walipoletwa kwa gari la hospitali kutoka upande wa Matungu. Wengi walikuwa watu wazima, wenye mikono iliyokakamaa, waliovaa mashati yao ya kanisani kwa ajili ya safari ya mjini. Walikaa kwenye benchi la korido kwa mstari. Mimi nilisimama mbele yao na koti langu jeupe, nikawapokea. Protas alikuwa ndani, akiwasaidia kuvua mashati na kuwalaza kwenye mashine. Swali langu lilikuwa moja tu la maana: mkono wa panga ni upi. Mwanzoni niliuliza kwa maneno marefu, wakanitazama, wakatazamana, mmoja akasema kitu kwa lugha yao na benchi zima likacheka taratibu. Basi nikaona nirahisishe. "Mzee, niinulie mkono unaokatia miwa." Wakainua, mmoja baada ya mwingine. Wote waliinua wa kulia. Nikaandika kulia, kulia, kulia, nikashukuru kwamba angalau jambo moja katika mji ule limekuwa jepesi.

Mchana nilikula kwa Mama Nanzala, nyuma ya hospitali, kibanda cha mbao chenye meza mbili na kitambaa cha plastiki chenye maua. Obusuma yake, yaani ugali, ilikuwa ngumu kiasi cha kusimama yenyewe sahanini, na mrenda ulikuja umechanganywa na likhubi, majani ya kunde, ukivutika kutoka sahanini hadi mdomoni mpaka nikajifunza kuuzungusha. Siku akiwa na ingokho, kuku wa kienyeji, alinitumia habari kwa mlinzi wa geti. Aliniita mukhana wanje, binti yangu, na ndiye mtu wa pekee aliyeniuliza kama nimelala vizuri. Lakini kibanda kilijaa watu saa ile, na mama alikuwa na mikono miwili tu. Nilikula nikisikiliza meza ya pili: madereva wakibishana juu ya barabara ya Malava, wauguzi wakimsema sista mkuu, vijana wakiongea Sheng nisiyoielewa hata nusu. Nilikuwa nikila polepole makusudi, ili nisimalize kabla ya maneno yao kwisha.

Katikati ya mwaka Daktari Khaemba alilinganisha vipimo vyetu. Aliniita ofisini, uso umekunjamana. Kwa wengi tulikubaliana vizuri, alisema, karibu uzi kwa uzi. Lakini kuna watu kadhaa ambao vipimo vyao vilipishana kabisa: nilichoandika mimi kuwa ni bega la mkono wa panga, mwenzangu alikiandika kuwa ni la mkono mwingine, na kinyume chake. "Mmoja wenu anachanganya kulia na kushoto," alisema. "Sitaki kuambiwa ni nani, na sitaki maelezo, maana mkianza kunieleza mnajua kitakachofuata. Kazi hii haiwezi kwenda mbele na wapimaji wanaopingana. Mmoja ataondoka nianze upya na mwingine." Kwa mpiga picha wa hospitali hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Mtu akisema fulani ni mvivu, unasamehewa. Akisema fulani hajui kulia na kushoto kwa mgonjwa, nani atakuajiri? Na sikuhitaji kuambiwa ni nani angeondoka. Protas alikuwa mwajiriwa wa pale. Mimi nilikuwa mgeni wa mkataba.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la korido, lilelile la Alhamisi. Protas akaitwa ndani, akapita mbele yangu na "habari ya asubuhi, dada" ingawa ilikuwa mchana. Mlango haukufunga sawasawa, haukuwahi kufunga sawasawa tangu nifike. Nilimsikia daktari akirudia maneno yaleyale. Kisha mvua ikaanza kuvuma mbali, na kabla haijafika juu yetu nikamsikia Protas. "Basi niondoe mimi, daktari. Mimi nitarudi tu eksirei, nimezoea huko. Huyu dada ametoka mbali. Akirudi kwao na hiyo jina, atasema nini?" Daktari akasema kitu. Mvua ikafika, ikameza kila kitu.

Nilikasirika. Ningependa kusema nilishukuru, lakini nilikasirika kwanza. Mtu ambaye kwa miezi yote hajaniambia zaidi ya habari ya asubuhi, anajipaka tope kwa ajili yangu? Anadhani ni mimi ninayechanganya? Nilitembea mpaka Lurambi ndani ya mvua nikibishana naye kwa sauti, watu wakinipisha njia. Nilipofika chumbani nikakaa kitandani na nguo zangu mbichi, na hasira ikaisha, kukabaki kitu kibaya zaidi. Niligundua kwamba ikiwa ataondoka yeye, asubuhi nitakuta kiti kimepangwa na mtu mwingine. Niligundua kwamba hilo lilinitia hofu kuliko ile aibu.

Siku mbili baadaye, daktari akiwa bado hajaamua nani aondoke, umeme ulipotea mjini jioni, kama ulivyozoea. Asubuhi iliyofuata nikaingia chumbani kama kawaida, nikakaa, kiti kikiwa chini, nyayo zikagusa sakafu. Nikanyosha mkono wa kulia kushika kipanya, mkono ukagusa meza tupu. Kilikuwa upande wa kushoto wa kibodi. Waya wake ulikuwa umezungushwa nyuma ya skrini kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi, na kitambaa cha kuegemeza kiganja kilikuwa huko huko, kushoto. Nilibaki nimekitazama. Umeme ulikuwa umemkatikia Protas katikati ya kazi, akaondoka gizani. Kiti akakumbuka kukishusha, kipanya akakisahau. Kwa hiyo kila mchana alikihamishia kushoto, na kila jioni akakirudisha kulia. Na mimi nilikuwa nimemwona Protas akinywa chai kwa mkono wa kulia, akisalimiana na daktari kwa wa kulia, akijikuna kichwa kwa wa kulia. Hakuna siku niliyoshuku. Nikawafikiria wazee wa lile benchi, na mashati yao ya kanisani.

Sikungoja saa ya chakula. Nilimkuta Mama Nanzala akichambua mboga, kibanda kitupu. Nilijua ana kaka yake Matungu anayekata miwa, alikuwa akimtaja kila bei ya sukari ilipobadilika.

"Mama, kaka yako hukata miwa kwa mkono gani?"

"Ya kushoto," alisema, bila kuinua macho. "Huyo akishika panga na kulia atajikata mguu. Ako hivyo tangu akiwa mtoto. Kukhu, nyanya yetu, alikuwa anamchapanga na mwiko mpaka akaacha kukula nayo, lakini panga? Panga ilikataa kuhama."

"Na nikimwambia aniinulie mkono anaokatia, atainua upi?"

Hapo aliinua macho, na akacheka mpaka akaweka mboga chini. "Wewe umesimama hapo mbele yake? Msichana mgeni, na hiyo koti nyeupe? Na wenzake wanaangalia? Atainua ya kulia! Mtu mzima hawezi kukunyoshea kushoto. Hiyo ni matusi."

"Lakini mimi niliuliza kazi, mama. Sikuuliza salamu."

"Uliuliza mkono, mukhana wanje."

Na kwetu ni vivyo hivyo. Nimekulia katika nyumba ambamo hata sindano haipokewi kwa mkono wa kushoto. Ningeulizwa mimi mbele ya watu na mgeni mwenye koti jeupe, ningeinua wa kulia kabla sijafikiri. Nilikuwa nimesoma bega mpaka nyuzi zake, nikasahau kwamba mkono una mwenyewe. Protas yeye hakuwauliza kitu. Aliwatazama wakifungua vifungo vya mashati ndani ya chumba cha mashine, ambako hapakuwa na mwanamke wala benchi, akaona ni mkono upi uliotangulia, akaandika alichokiona.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Khaemba, nikamweleza habari za wale wazee. Kipanya sikukitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile nililolitarajia. "Mmeongea, wewe na Protas?"

"Hatujaongea, daktari. Hilo angalau liamini. Sijaongea na mtu tangu nije mji huu."

Sikukusudia itoke vile. Daktari akaangalia dirishani. Halafu akajipiga paji la uso kwa kiganja. Babu yake mwenyewe, alisema, alikuwa wa kushoto, na watoto walionywa wasiseme mbele ya wageni. "Nendeni Matungu wote wawili," alisema. "Muwaangalie wakikata. Msiwaulize kitu."

Hivyo nikapata siku yangu moja. Tulisimama kando ya shamba la miwa, jua kali, vumbi la majani makavu likitukwaruza shingoni, nao wakikata kwa safu. Protas alininong'oneza nitazame mwisho wa safu. Wa mkono wa kushoto walipangwa huko pembeni, ili panga zao zisikutane na za wenzao. Walikuwa pale hadharani, wakiinua na kushusha, kila mtu shambani akijua, na hakuna aliyeona haya, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa. Tuliwatambua mmoja mmoja. Walikuwa walewale ambao vipimo vyao vilipishana.

"Sasa tunaweza kuongea?" Protas aliuliza.

"Sijui. Mpigie daktari simu umwombe ruhusa."

Alicheka, na sikuwahi kusikia kicheko chake kabla ya siku hiyo. Kilikuwa chembamba kuliko mwili wake. "Uliona kipanya," alisema.

"Niliona. Mbona ulikuwa unakirudisha kila jioni?"

"Sasa ningekuachia wewe kazi ya kuigeuza?"

"Na kiti?"

"Kiti ni kiti, dada. Nilipita siku moja asubuhi nikaona miguu yako inaning'inianga. Nikasikia vibaya."

"Miezi yote hii hukusema neno, Protas. Tulikatazwa kuongea juu ya mabega tu!"

Alifikiri kwa makini, kama alivyofikiri kila kitu. "Lakini mule ndani," alisema, "kulikuwa na nini ingine?"

Tuliongea mpaka gari likaja kutuchukua. Aliniambia ana mchumba anayeitwa Rosebela, anayefundisha shule ya chekechea, na kwamba anaogopa mashemeji. Nilimwambia juu ya sufuria ninayoisemesha. Hakucheka, aliuliza kama huwa inajibu. Mwanamke mmoja alitugawia miwa tukaimenya kwa meno, na mimi, kwa kuwa sina ustadi, nikajikata mdomo. Nadhani niliongea siku ile kuliko nilivyoongea miezi yote niliyotangulia kukaa Kakamega, na jioni koo liliniuma.

Vipimo vilirekebishwa, na vikakubaliana. Kibakuli cha mkono wa panga kilikuwa kimeinama nyuma zaidi, kama daktari alivyohisi, kulia kwa wengi na kushoto kwa wale wa mwisho wa safu. Hakuna aliyeondoka. Daktari alifurahi, kisha akakaza sheria mara mbili zaidi, maana sasa aliogopa kwamba tumekuwa marafiki. Na sisi tukaifuata. Asubuhi mimi, mchana yeye, habari ya asubuhi, dada. Nilirudi kula polepole kwa Mama Nanzala na kusikiliza meza ya pili. Upweke baada ya siku ile ulikuwa mzito kuliko wa kabla, kwa kuwa sasa nilijua sauti ya kicheko kilichokuwa kikikosekana. Mkataba ulipokwisha, Protas alinisindikiza mpaka geti la hospitali. Alinipa mkono wa kulia. Kisha akatazama huku na huku, akauongeza na wa kushoto, akaushika mkono wangu kwa yote miwili. Nikaenda zangu. Hatukuandikiana. Yeye hakuwa mtu wa maneno, na mimi nilidhani mtu aliyeona miguu yangu ikining'inia hakuniona zaidi ya hapo.

Nilikwenda kwenye maziko. Niliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, Matungu, kati ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyejua mimi ni nani, nikisikiliza wakisema mema yake: msharika mwaminifu, baba mzuri, mfanyakazi wa miaka mingi. Nilijisemea nitawapa pole niondoke kabla ya mvua. Nilipofika mbele ya mjane, kabla sijataja jina langu, aliniangalia toka juu mpaka chini, akaona nilivyo mfupi.

"Wewe ndio wa kiti," alisema Rosebela.

Niliitikia kwa kichwa.

"Alikuwa anaishushanga kila jioni, kabla atoke. Hata ukishaenda. Kazi ya mabega iliendelea, wakaleta kijana mwingine wa asubuhi, mrefu hivi kama yeye, akawa analalamika ati akikaa magoti inamfika kifuani. Nikamuuliza, Baba Sylvia, si huyo dada alirudi kwao kitambo? Akaniambia, 'Najua.' Na jioni anashusha tena. Mpaka mwaka huu, alipougua akaacha kazi."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, katikati ya maziko ya watu, mpaka Rosebela, ambaye ndiye aliyestahili kubembelezwa, akanishika bega, lile bovu, akauacha mkono wake hapo. Miaka yote nikiulizwa habari za Kakamega nimekuwa nikijibu kwamba ni mahali nilipokaa mwaka mzima peke yangu. Ningeapa kwa hilo. Kumbe kulikuwa na mtu aliyenitarajia kila asubuhi, hata miaka ambayo sikuwepo.